Serotonini Kabla ya Ubongo: Tathmini ya Kozi ya Mtandaoni Kuhusu Moyo wa Kiinitete

Kwa muda wa wiki sita nimefuatilia kozi ya mtandaoni yenye mihadhara kumi kuhusu nafasi ya serotonini katika ukuaji wa moyo wa kiinitete. Jina la kozi na la taasisi iliyoiandaa nitaliacha, kwa kuwa sehemu ya tathmini hii ni malalamiko na wanaolalamikiwa hawapo hapa wajitetee. Mimi hufundisha anatomia ya ukuaji kwa wanafunzi wa fani za afya, na kila mwaka huulizwa swali lile lile: iweje kemikali inayotajwa kila siku kuwa ni "homoni ya furaha" iwe na shughuli katika moyo wa kiumbe ambacho hakijapata hata ubongo wa kuihisi hiyo furaha? Majibu yangu yalikuwa ya juu juu, nami nilijua hivyo, ndiyo maana nikajiandikisha.

Jibu linalotolewa na kozi hii ni zuri kuliko yote niliyowahi kuyasikia, na limejengwa juu ya mpangilio wa wakati. Katika panya, ambaye mimba yake huchukua siku 19 hadi 20, moyo huanza kupiga takriban siku ya 8, ilhali seli za neva zinazotengeneza serotonini kwenye shina la ubongo huzaliwa kati ya siku ya 10 na ya 12. Moyo umekwisha kuwa kazini wakati neva hizo bado hazipo. Mhadhiri anaiunga hoja hiyo na historia ya ugunduzi wenyewe: Vittorio Erspamer, mtafiti wa Italia, aliikuta kemikali hii kwenye seli za utumbo katika miaka ya 1930 na kuiita enteramini, mwaka 1948 Maurice Rapport, Arda Green na Irvine Page, waliokuwa Cleveland nchini Marekani, waliitenga kutoka kwenye seramu ya damu wakiwa wanatafuta kitu kinachobana mishipa, na ndipo jina serotonini likapatikana, na ni mwaka 1953 tu ambapo Betty Twarog na Page walionyesha kwamba imo pia ndani ya ubongo. Utumbo ulitangulia, damu ikafuata, ubongo ukaja wa tatu. Mwanafunzi akiisikia historia hiyo kwanza, mshangao wake kuhusu moyo hupungua nusu kabla somo halijaanza, maana hata leo sehemu kubwa kabisa ya serotonini ya mwili hutengenezwa utumboni na kubebwa katika damu na chembe sahani.

Mhadhara wa pili, unaoeleza jinsi moyo unavyojengwa, ni wa haraka mno. Kwa dakika zisizozidi arobaini mwanafunzi anapitishwa kutoka kwenye mrija mmoja ulionyooka, unaoanza kudunda kwa binadamu karibu siku ya 22 baada ya kutungwa mimba, hadi mrija huo unapojipinda kuelekea kulia katika wiki ya nne, halafu kuta za ndani zinapokua na kuugawa moyo katika vyumba vinne ifikapo wiki ya nane. Michoro yake inayotembea ni ya kupendeza, lakini inaenda kasi kiasi kwamba nililazimika kuisimamisha mara kwa mara. Vilevile manukuu ya Kiswahili, ambayo kwa hakika ni jambo la kushukuriwa, yanaziita "mito" zile tishu laini zinazotuna kati ya atiria (vyumba vya juu vya moyo) na ventrikali (vyumba vya chini) na ambazo baadaye huzaa vali. Bila maelezo yoyote ya ziada, msomaji anaweza kudhani kwamba zinazozungumziwa ni njia za maji. Kwa mtu anayekuja bila msingi wa anatomia ya ukuaji, ningeshauri asome kwanza sura moja ya kitabu chochote cha kiada kuhusu moyo kabla ya kulipokea somo hili.

Nguvu halisi ya kozi inaanza katika mhadhara wa tatu, pale mhadhiri anapokataa kuizungumzia serotonini yenyewe na badala yake kuzungumzia wanaoipokea. Molekuli ni moja, lakini familia za vipokezi vyake (protini za seli zinazoipokea) ni saba, na isipokuwa familia ya tatu, ambayo ni mlango wa ioni, yaani wa chembe zenye chaji ya umeme, zote hufanya kazi kwa kuamsha protini za G, ambazo ni wapokezaji wa ujumbe ndani ya seli. Nikiwaeleza wanafunzi wangu jambo hili siku hizi, husema kwamba mbiu ya mgambo hulia kwa wote, lakini kila mtaa huitika kwa namna yake. Seli ya misuli ya moyo ikiwa na kipokezi cha 5-HT2B (5-HT ni kifupi cha jina la kikemikali la serotonini) itaitika kwa kugawanyika na kukomaa. Jirani yake isiyo na kipokezi chochote haitasikia kitu. Aidha kuna kisafirishi, yaani protini inayoichukua serotonini kutoka nje na kuiingiza ndani ya seli, na kazi yake ya kunyamazisha mbiu ina uzito uleule wa kazi ya anayeipiga. Mpangilio huu wa mawazo (nani anatengeneza, nani anapokea, nani anaondoa) unashikiliwa hadi mwisho wa kozi, na pale unapoachwa, somo linayumba.

Mihadhara ya tano na ya sita ndiyo iliyonifanya niione kozi nzima kuwa ni ya thamani. Inaeleza kwa utulivu utafiti uliochapishwa mwaka 2000 na Canan Nebigil, Luc Maroteaux na wenzao nchini Ufaransa, ambao waliizima jeni ya kipokezi cha 5-HT2B katika panya. Baadhi ya viinitete vilikufa katikati ya mimba. Vilipopasuliwa, ventrikali zake hazikuwa na trabekula, yaani vile vijiti vya misuli vinavyojitokeza kwenye ukuta wa ndani na kuupa umbo la sifongo. Watoto waliozaliwa wakiwa hai walikuwa na ventrikali zisizokua vya kutosha, kwa kuwa seli za misuli zilikuwa zimepungukiwa na uwezo wa kugawanyika, na waliofikia utu uzima walikuwa na ventrikali ya kushoto iliyotanuka na kudhoofika, huku seli za misuli zikiwa zimepangika ovyo.

Mhadhiri mwingine angeishia hapo na kutangaza kwamba serotonini hujenga moyo. Huyu haishii hapo, na ndiyo sababu namsifu. Anauliza kwa nini hasa trabekula, kisha anaturudisha mwaka 1995, ambapo ilionyeshwa kwamba panya wasio na kipokezi kingine, ErbB2, nao hufa katikati ya mimba wakiwa hawana trabekula. Na kwamba matokeo yanafanana sana kwa wasio na ErbB4 au wasio na neuregulini, ambayo ni ishara inayotoka kwenye utando wa ndani wa moyo kwenda kwenye misuli. Ndipo anapoyafungua matokeo muhimu ya mwaka 2000: katika viinitete visivyo na 5-HT2B, kiwango cha ErbB2 kilikuwa kimeshuka. Njia mbili ambazo kitabu cha kiada hukusudia zisomwe katika sura tofauti zinakutana kwenye ukuta mmoja wa ventrikali. Mchoro unaoonyesha makutano hayo ni wa rangi mbili tu, hauna mbwembwe, na nimeomba ruhusa niutumie darasani.

Swali ambalo nilitaka kuliuliza wakati huo ni kwa nini baadhi ya panya wale walifariki na wengine wakaishi, ilhali wote walikosa jeni ileile. Kozi inaligusa kwa sentensi moja, kwamba vipokezi vingine huenda vinaziba pengo, kisha inapita. Kwa mada iliyo tajiri kiasi hiki, sentensi moja ni kidogo. Ningependelea muda uliotumika kuonyesha picha za maabara zenye muziki wa taratibu (karibu dakika nne nzima, na muziki wenyewe unaifunika sauti ya msemaji) utumike hapo.

Kuhusu chanzo cha serotonini, mhadhara wa nne ni mfupi lakini umeandaliwa kwa uangalifu mkubwa. Kimeng'enya kinachoanza kazi ya kugeuza triptofani (asidi amino itokayo kwenye chakula) kuwa serotonini kina aina mbili: TPH1, kinachofanya kazi nje ya ubongo, na TPH2, cha neva, ambacho kilitambuliwa mwaka 2003 tu. Mwaka 2007 Francine Côté na wenzake walionyesha kwamba panya jike wasio na TPH1 huzaa watoto wadogo wenye ukuaji usio wa kawaida, hata pale ambapo watoto wenyewe wamerithi jeni nzima kutoka kwa baba. Kilichoamua hali ya mtoto kilikuwa ni jeni za mama. Mhadhiri anatahadharisha, kwa haki kabisa, kwamba utafiti huo uliangalia kiinitete kizima na haukuwa wa moyo pekee. Halafu anaongeza kazi ya Alexandre Bonnin, Pat Levitt na wenzao ya mwaka 2011, iliyoonyesha kwamba kondo la nyuma la panya lenyewe hutengeneza serotonini kutokana na triptofani ya mama na kuipeleka kwenye ubongo wa mbele wa kijusi kwa kipindi fulani, kabla neva zake hazijachukua jukumu hilo. Hivyo mama, kondo na kiinitete hupokezana, na kila mmoja ana zamu yake. Naomba msomaji alikumbuke somo hili la nne, kwa sababu nitalirudia.

Mhadhara wa saba unahusu majaribio ya zamani kidogo, yaliyofanywa katika maabara ya Jean Lauder kule North Carolina na kuchapishwa mwaka 1993. Viinitete vya panya vilikuzwa nje ya tumbo la mama, ndani ya chupa za maabara, na ikaonekana kwamba sehemu mahususi za moyo huiokota serotonini kutoka kwenye maji yanayouzunguka. Walipoongeza dawa zinazokizuia kisafirishi, kama fluoksetini na sertralini, ambazo ni dawa za sononi (ugonjwa wa huzuni kubwa), ugawanyikaji wa seli ulipungua katika misuli na katika tishu zile zitakazozaa vali. Kazi ya maabara hiyohiyo kuhusu seli za ukingo wa neva, ambazo husafiri kutoka mgongoni na baadhi yake kushiriki katika kuutenganisha mshipa mkuu wa aota na ule wa mapafu, inatajwa pia, ingawa kwa kupita. Hapa somo linaendeshwa vizuri, na mhadhiri anasisitiza kwamba chupa ya maabara haina ini la mama la kuivunjavunja dawa wala kondo la kuichuja. Ni tahadhari ambayo ingepaswa kuwekwa mwanzoni, si dakika ya mwisho, kwa sababu wanafunzi wengi huacha kusikiliza wanapoona picha ya moyo uliodumaa.

Sasa nije kwenye mhadhara wa nane, ambao ni dosari kubwa ya kozi hii. Unaeleza jinsi serotonini inavyosaidia mwili kujua upande wa kushoto na wa kulia, jambo linalohusu moyo moja kwa moja, kwani kujipinda kwa mrija wa moyo kuelekea kulia ndiyo dalili ya kwanza inayoonekana kwa jicho kwamba pande mbili za kiinitete hazifanani. Msingi wake ni utafiti wa mwaka 2005 wa Takashi Fukumoto, Michael Levin na mwenzao katika viinitete vya chura na vya kuku, uliodai kwamba katika chura serotonini hukusanyika upande mmoja mapema sana, wakati kiinitete kina seli chache tu zinazohesabika, na kwamba hilo hutangulia ishara zote zinazojulikana za kushoto na kulia. Ni dai la kuvutia, nalo linasimuliwa kwa ufundi. Lakini linasimuliwa kana kwamba limekwisha kukubaliwa na kila mtu. Mwaka 2012 kundi la Martin Blum nchini Ujerumani lilichapisha kazi katika chura yuleyule, likiwa halikuiona serotonini ikielemea upande mmoja katika hatua hizo. Kwa maoni yao serotonini inahitajika baadaye, katika kuiandaa tishu yenye vinyweleo vinavyosukuma majimaji kuelekea kushoto, na kukosea kwa mtiririko huo ndiko kunakovuruga pande. Kazi zote mbili zinakubaliana kwamba serotonini ina mkono katika jambo hili. Zinatofautiana kuhusu lini na kwa njia ipi. Mwanafunzi wa kozi hii anaondoka bila kujua kwamba kuna ubishi. Kwa waandaaji ambao walikuwa waangalifu namna ile katika mhadhara wa tano, kuuficha ubishi wa wazi kiasi hiki ni kutia chumvi pasipohitajika, kwa maana hadithi yenye pande mbili ingekuwa tamu zaidi.

Mhadhara wa tisa unamfidia mwanafunzi kidogo. Unahama kutoka kwenye kiinitete na kwenda kwenye vali za mtu mzima, na nilidhani mwanzoni kwamba ni kupotea njia. Kumbe ni hoja iliyofikiriwa. Mwaka 1997 madaktari wa hospitali ya Mayo Clinic nchini Marekani waliripoti wanawake 24 waliopata ugonjwa wa vali baada ya kutumia fenfluramini pamoja na fentamini kwa ajili ya kupunguza uzito, na Septemba mwaka huohuo fenfluramini ikaondolewa sokoni Marekani. Baadaye ikaonekana kwamba kinachotokana na dawa hiyo mwilini hukiamsha kipokezi kilekile cha 5-HT2B, na seli za vali zikaanza kugawanyika na kuzalisha tishu ngumu. Wagonjwa wa uvimbe wa kasinoidi, unaomwaga serotonini nyingi kwenye damu, nao huharibikiwa na vali za upande wa kulia wa moyo, kwa sababu mapafu huivunja serotonini kabla haijafika upande wa kushoto. Kipokezi ambacho kikikosekana kabla ya kuzaliwa ventrikali hudumaa, kikiamshwa kupita kiasi baada ya miongo kadhaa vali hunenepa. Mimi binafsi sikuwahi kuviweka visa hivi viwili kwenye ubao mmoja, na mwaka huu nimefanya hivyo. Kozi haitaji kwamba fenfluramini ilirudi mwaka 2020 kwa dozi ndogo kama dawa ya aina kali ya kifafa cha utotoni, kwa sharti la kupima moyo mara kwa mara kwa mawimbi ya sauti. Ni nyongeza ambayo ingempa mwanafunzi picha kamili.

Mhadhara wa mwisho unashughulikia swali ambalo kila mtu alikuwa akilisubiri: je, mama mjamzito anayetumia dawa za sononi anauhatarisha moyo wa mtoto? Unaanza kwa tahadhari iliyotolewa Marekani mwaka 2005 kuhusu paroksetini, mojawapo ya dawa hizo, kisha unakuja utafiti mkubwa wa Krista Huybrechts na wenzake wa mwaka 2014, uliohusisha mimba 949,504. Bila marekebisho yoyote, kasoro za moyo zilikuwa 90.1 kwa kila watoto 10,000 waliokuwa wamefikiwa na dawa hizo katika miezi mitatu ya kwanza, dhidi ya 72.3 kwa wasiofikiwa. Tofauti hiyo ingetosha kumtisha mtu. Lakini wanawake wenye sononi walipolinganishwa na wenzao wenye sononi, na mambo mengine kama magonjwa yanayoambatana nayo yakazingatiwa, sehemu kubwa ya tofauti hiyo iliyeyuka, na watafiti wakahitimisha kwamba hakuna ongezeko kubwa la hatari. Maelezo ya takwimu ni ya wazi kuliko niliyoyaona kwenye vitabu vingi, na mhadhiri anatamka bila kupepesa kwamba sononi isiyotibiwa nayo ina madhara kwa mama na kwa mtoto, hivyo mtu asiache dawa kwa sababu ya video ya mtandaoni bali azungumze na daktari wake.

Ninachokilalamikia ni picha ya jalada la mhadhara huo: kidonge kikubwa chekundu kinachopasua moyo mdogo. Maneno yanatuliza, picha inatisha, na anayepitia orodha ya mihadhara bila kuifungua ataondoka na picha. Niliwaandikia waandaaji kuhusu hilo, wakanijibu kwa adabu kwamba picha hiyo huvutia watazamaji.

Kozi hii itamfaa mwalimu wa biolojia, mwanafunzi wa uuguzi au udaktari wa miaka ya kati, na mkunga anayetaka kuelewa chimbuko la maswali anayoulizwa na wajawazito. Anayetafuta ushauri wa matibabu hatapata humu, na haukukusudiwa. Sauti ya mhadhiri ni safi, maandishi ya mihadhara yanapakuliwa bila usumbufu, na Kiswahili cha manukuu, ukiacha ile mito, kinasomeka.

Limebaki jambo la mtihani wa mwisho. Swali la kumi na nne linauliza serotonini inayoufikia moyo wa kiinitete cha panya katika siku ya 9 inatoka wapi, na majibu matatu yanatolewa: kwa mama, kwenye neva za kiinitete, au kwenye utumbo wa kiinitete. Nilichagua mama, kama nilivyofundishwa katika mhadhara wa nne, nikahesabiwa nimekosa. Jibu sahihi, kwa mujibu wa mfumo, ni neva za kiinitete, ambazo katika siku hiyo bado hazijazaliwa. Nilituma barua pepe nikinukuu dakika na sekunde ya mhadhara wao wenyewe. Nikajibiwa kwamba hoja yangu imepokelewa. Wiki tatu zimepita, nimeufungua mtihani tena asubuhi hii, na swali bado liko vilevile.